Machi ya Mazishi kwa Kidole Kimoja

"Hodi hapa!"

"Kama ni ya kutengeneza, weka mezani. Kama ni ya kulalamika, rudi kesho."

Sauti ilitoka ndani ya spika. Mwenye sauti alikuwa amezamisha kichwa na mabega ndani ya boksi la spika kubwa kuliko friji, na kilichobaki duniani kilikuwa kiuno, sketi ya jinzi na raba mbili zisizo na kamba.

"Ni ya muziki, mama."

"Muziki gani?"

"Wa mazishi."

"Nani kafa?"

"Filamu," akajibu mgeni.

Hapo kichwa kikatoka. Kilikuwa kichwa cha mwanamke wa miaka sitini na mitatu, nywele za mvi zimefungwa kwa kipande cha waya wa bluu, miwani moja puani na nyingine utosini. Mtaa mzima ulimwita Vidole. Wengi walidhani ni kwa sababu ya ufundi wake wa redio. Haikuwa hivyo. Jina hilo alipachikwa na watu wa filamu miaka thelathini na minne iliyopita, kwa kebehi, kwa kuwa alikuwa akipiga kinanda kwa kidole kimoja tu. Lakini jina la kebehi ukilivaa siku nyingi linageuka nguo, na yeye alilivaa mpaka likamkaa.

"Filamu gani hiyo iliyokufa?"

"Ile ya wachimbaji."

Vidole aliweka bisibisi mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akavuta stuli kwa mguu. "Kaa. Wewe ni nani?"

Mgeni alikuwa mhariri wa picha, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye macho mekundu ya mtu anayeshinda mbele ya skrini. Ofisi yake ilikuwa imepewa kazi ya kuisafisha ile filamu ya zamani ili ionyeshwe upya. Picha zilikuwa zimetakata, alisema, mpaka vumbi la makaa unaliona kwenye kope. Ila mkanda wa saba ulikuwa na balaa. Ghala lilivuja, utepe wa sauti wa mkanda ule ukaota ukungu, na dakika nne za muziki zikaliwa. Zile dakika ambazo majeneza saba yanabebwa mjini na hakuna anayesema neno.

"Nakala nyingine je?"

"Hakuna, mama. Nakala zote zilizozungushwa kwenye majumba ya sinema, wakaguzi walizikata dakika hizo."

"Najua walizikata," alisema Vidole. "Walizikata Jumanne, siku ya tano tangu filamu ianze kuonyeshwa. Walikuja wawili, mmoja ana mkasi wake mwenyewe kwenye mfuko wa koti kama fundi cherehani. Wakasema muziki ule unawafanya watu watembee. Mimi nilidhani miguu ndiyo inayowafanya watu watembee, kumbe nilikosea."

Mhariri alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

Ule muziki wenyewe haukuwa mgeni duniani. Ulikuwa machi ya mazishi, muziki wa mwendo wa kusindikiza jeneza, kazi ya mtunzi mmoja wa kale, aliyekufa miaka mia mbili kabla, iliyoandikwa ipigwe na watu sitini wenye suti nyeusi. Kilichokuwa kigeni ni jinsi ulivyotokea kwenye filamu: hakukuwa na fidla wala tarumbeta, ila sintesaiza, kinanda cha umeme chenye nyaya nje kama matumbo, kikilia sauti ambayo watu hawakuwahi kuisikia ikitoka kwenye koo wala kwenye chombo. Watu waliotazama wiki ile ya kwanza walitoka ukumbini wakisema kaburi limepata sauti. Na kulikuwa na pale mahali. Katikati ya machi, ghafla, muziki unaruka mapigo mawili, na watu mia tatu walio kwenye picha, wabeba jeneza na wajane na wote, wanajikwaa kwa pamoja kama mwili mmoja, kisha wanaendelea. Aliyepaona hakupasahau.

"Yule Profesa, aliyeandikwa kwenye filamu kuwa mwenye muziki, ndiye anayeupiga upya," Mhariri alieleza. "Ameleta wapigaji na kompyuta zao. Lakini mama, haukai. Profesa anasema aliyatoa yale mapigo mawili kila wimbo unaporudi, na wimbo unarudi mara tatu. Tukifanya anavyosema, watu wanajikwaa mara ya kwanza sawasawa. Mara ya pili na ya tatu muziki unajikwaa, watu hawajikwai. Mpaka mwisho miguu iko huku, ngoma iko kule. Profesa anasema ni picha, eti ilikatwa vibaya. Mimi kazi yangu ni kukata picha. Ile sehemu haina mkato hata mmoja. Ni kamera moja, juu ya paa, mwanzo mpaka mwisho."

"Na sauti yao ikoje?"

Mhariri alitafuta neno. "Safi."

"Safi kama choo cha hoteli."

"Hivyohivyo! Nikaenda kumwona yule mzee aliyekuwa anashika mikrofoni, yuko kwa mwanawe siku hizi, hasikii vizuri. Nikamwandikia swali kwenye karatasi: nani alipiga kinanda? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Siku zote hizi hamjamuuliza Vidole?'"

Vidole alitazama nje, ambako mtu wa duka la jirani alikuwa akimwagia maji vumbi la barabara. Alikuwa ameisubiri siku hiyo. Si kwa kukaa na kuikodolea macho mlangoni, hapana. Alikuwa ametengeneza redio za watu, amelea binti, amezika mume. Lakini kuna subira inayokaa ndani ya mtu kama betri ndani ya saa, haionekani na haiachi kusukuma.

"Nitapiga," alisema. "Kinanda ninacho, nakiwasha kila Jumapili kisife. Nataka kitu kimoja. Jina langu."

"Bila shaka mama, kwenye shukrani..."

"Shukrani peleka kwa aliyekupa lifti. Nataka jina langu lisimame peke yake, liandikwe muziki wa mazishi ni wa nani. Humo kwenye filamu ametajwa aliyeshika farasi, na farasi mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakutokea. Ametajwa mama wa chai, na nilifurahi, maana chai yake ilikuwa chai. Mimi nilikuwa wapi?"

Mhariri, wakati huo, alikuwa hajazaliwa.

"Siku ya kwanza nilimpeleka mama yangu," Vidole aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Tulikaa safu ya tatu. Mama hakujua kusoma vizuri, alijua jina langu tu na lake. Majina yakaanza kupanda. Yakapanda, yakapanda, taa zikawaka. Mama akaniuliza, 'Limepita? Mbona sijaliona?' Nikamwambia, 'Limepita, mama. Lilikwenda haraka.' Akapiga makofi." Akavua miwani ya puani, akaifuta kwa pindo la sketi. "Nimedanganya watu wengi maishani, wenye redio hasa. Huo ndio uongo mmoja niliolazimishwa na wengine."

Basi, siku ya pili yake saa nne asubuhi wakamkuta Vidole mlangoni mwa studio, kinanda kimefungwa kwenye shuka mbili za maua kama mtoto wa tajiri. Alimkataza mlinzi asikibebe. "Kina mgongo mbovu," alimwambia, "kama mimi."

Studio ilikuwa chumba kirefu chenye kuta za sponji, zulia la kijivu lililochakaa njia moja tu, kutoka mlangoni hadi kwenye birika la umeme. Kwenye ukuta wa mbele skrini. Waliokuwemo walikuwa watatu. Mhariri kwenye kompyuta yake. Mwanamke wa makamo mwenye koti la bei na pete moja, binti wa marehemu mwongozaji. Filamu sasa ilikuwa mali yake, na neno la mwisho lilikuwa lake, kwa hiyo wote walimwita Mrithi, hata mbele yake. Na kwenye kiti chenye mikono, fimbo katikati ya magoti, Profesa.

Hakuna chuo kilichowahi kumpa uprofesa. Alisomea noti ng'ambo miaka mitatu, akarudi na skafu, na skafu hiyo ndiyo iliyofanya mengine. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, amenyong'onyea, lakini shingo bado ilikuwa ya mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Vidole alimwendea, akainama kidogo. "Shikamoo, Profesa."

Ndiyo, alimpa. Shikamoo ni ya miaka ya mtu, si ya matendo yake. Angekuwa anaitoa kwa matendo, angekuwa bubu.

"Marahaba, Vidole. Marahaba. Bado unachomelea redio?"

"Zinaharibika, nazichomelea. Na wewe bado unahutubia?"

"Wananiita, naenda."

"Uzee mwema huo."

Mrithi alitazama huku na kule kama mtu aliyefika katikati ya mechi. "Naona mnafahamiana vizuri," alisema. "Mama, Profesa amekubali utusaidie kwenye upande wa sauti ya chombo. Muziki wenyewe ataendelea kuuongoza yeye kama zamani."

"Kama zamani," alisema Vidole. "Sawa. Basi kama zamani, Profesa, niambie. Nikate wapi?"

"Ninyi watu wa mitambo hamna kumbukumbu." Profesa aliinua kidole. "Nimeandika kwenye kijitabu, kimechapwa tayari. Nilitaka taifa la wafanyakazi lijikwae chini ya uzito wake lenyewe. Kifo ni pigo linalokosekana. Kwa hiyo nikatoa mapigo mawili wimbo ulipoingia, na kila uliporudi. Mara tatu. Tatu ni namba ya kaburi: mwili, udongo, jiwe."

"Maneno matamu hayo."

"Ni falsafa."

"Na miguu inajikwaa mara ngapi? Mhariri, tuonyeshe, mwanangu."

Mhariri alibonyeza. Kwenye skrini, bila sauti yoyote, watu mia tatu wakaja wakishuka barabarani, majeneza juu ya mabega, kamera ikiwatazama kutoka juu ya paa. Walitembea kama mawimbi. Kisha wote wakanasa, mguu hewani, kama waliovutwa na kamba moja. Jeneza la nne likayumba, mwanamke mmoja akashika ukuta wa hewa. Wakaendelea. Wakaendelea dakika tatu nzima, hatua kwa hatua, wala hawakunasa tena.

"Mara moja," alisema Mhariri. "Na hakuna mkato."

"Waigizaji," alisema Profesa. "Walichoka. Mara ya pili na ya tatu hawakufuata muziki."

"Watu mia tatu wachoke kwa pamoja, wakosee kwa pamoja, na wakosee wakiwa wamepangana hatua kama jeshi?" Vidole alitikisa kichwa. "Profesa, hata vyura hawanyamazi kwa mpango huo. Siku ile hukuwepo. Ulikwenda kupiga kwenye harusi ya mkubwa fulani, ukarudi Alhamisi ukiwa na keki. Sisi tulikuwa barabarani. Spika nne juu ya lori, utepe wangu unazunguka, na wale watu wanatembea kwa utepe. Hawakuwa waigizaji hata. Walikuwa wachimbaji wenyewe, zamu ya usiku, na wake zao."

Mrithi alikunja mikono. "Mama, unataka kusema nini hasa?"

Hapo ndipo Vidole alipofika kwenye mto wa kuvuka. Alijua tangu jana kwamba ili achukue kilicho chake, lazima aonyeshe mahali alipokosea. Hakuna risiti nyingine. Mtu mwingine angepaka sukari. Angesema na yeye alikuwa na falsafa. Yeye alikaa sawasawa kwenye kiti, akafungua shuka ya kwanza, na akasema kama anayeeleza ubovu wa redio kwa mwenye redio.

"Mimi sijui noti. Sikujua wakati ule na sijui leo. Mwongozaji alikuja dukani kwetu akaniambia anaitaka machi ile, akanitajia jina. Sikuwahi kuisikia. Kaka yangu alikuwa na santuri yake, aliiokota kwenye nyumba ya mtu aliyehama. Nikaisikiliza kwenye gramafoni siku kumi na moja, nikijifunza sauti mojamoja kwa sikio. Santuri ile ilikuwa na mkwaruzo. Wimbo ukiingia mara ya kwanza, sindano inaruka mfereji mmoja. Mfereji mmoja ni mzunguko mmoja wa sahani, na kwa mwendo wa machi ile mzunguko mmoja ni mapigo mawili. Nilidhani mtunzi ndivyo alivyoandika. Nikajifunza hivyo, nikarekodi hivyo. Wimbo ukirudi, sindano ilikuwa imeshapita mkwaruzo, kwa hiyo mara ya pili na ya tatu ni mzima. Ndiyo maana wanajikwaa mara moja."

Birika likabofya lenyewe.

Profesa alikuwa wa kwanza kuamka. "Mmesikia!" Alipiga fimbo kwenye zulia, ikatoa sauti ya mto wa kulalia. "Amesema mwenyewe! Kosa! Mkwaruzo! Mtu hakuujua wimbo, ameukata mkia bila kujua kwamba una mkia, leo anataka aitwe mtunzi! Huyu alipiga alichosikia, kama kasuku!"

"Nilipiga nilichosikia, ndiyo. Wewe ulikuwa na karatasi nzima na hukusikia kitu."

"Kwa hiyo," alisema Mrithi polepole, na sura yake ilikuwa imepoteza rangi, "kitu ambacho baba yangu alisifiwa maisha yake yote ni santuri mbovu?"

Lilikuwa swali la mtoto, na Vidole alilijibu kama mtu anayejibu mtoto wa mtu aliyempenda.

"Sikiliza, binti. Watu walipojikwaa, mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilidhani utepe umekatika. Mke wa mchimbaji mmoja akanifokea, 'Wewe dada, ngoma yako imemeza hatua!' Alikuwa na santuri kama ile kwao, akaniimbia pale pale wimbo wote, na mapigo yote. Nikajua kosa langu. Nikamkimbilia baba yako, nikamwambia, kesho nitakuwa nimerekebisha, nipe siku moja. Alikuwa juu ya paa, kofia imegeuzwa nyuma. Akaniambia, 'Ukiligusa nitakuvunja kidole, na unacho kimoja tu.' Akasema watu wanaobeba maiti hawatembei kama karatasi ya noti. Kosa ni langu. Kuliacha ni kwake. Hayo mawili yametosha kuwa filamu, na hakuna hata moja lililotoka ng'ambo na skafu."

Mrithi alicheka bila kutaka, mkono mdomoni. Ile ya kidole kimoja ilikuwa sauti ya baba yake hasa. Hakuna aliyeweza kuibuni.

"Maneno," alisema Profesa, lakini fimbo haikupiga tena.

"Kweli, ni maneno. Basi tuache maneno." Vidole alifungua shuka ya pili.

Kinanda kilikuwa kitu kibaya sana kukitazama. Ubao wa kabati, vifundo vya jiko vya kurekebishia sauti, vitufe ishirini na tano ambavyo viwili vilikuwa vya rangi tofauti. Kilikuwa na tabia moja: kilitoa sauti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza vitufe kumi, kilikujibu kimoja. Kwa hiyo machi ya watu sitini ilibidi ijengwe kama ukuta, tofali baada ya tofali: unapiga wimbo peke yake mwanzo hadi mwisho, unarudi mwanzo unapiga sauti ya kati juu yake, halafu ngoma, halafu besi. Na kilikuwa na tabia ya pili. Kikipata joto, sauti inapanda, kidogo sana, upana wa unywele. Fundi mwingine angesimama kila mara akirudishe sawa. Vidole hakusimama. Aliacha kila sauti ikae juu kidogo ya ile ya kwanza, zikwaruzane, na mkwaruzano huo ndio uliokuwa kilio. Kompyuta za Profesa zilikuwa sawa kama rula, na rula hailii.

Alichomeka waya kwenye kompyuta ya Mhariri. Alingoja dakika kumi kinanda kiamke. Kisha akatazama miguu kwenye skrini na kushusha kidole.

Sauti ya kwanza ilipotoka, Mhariri aliinua mabega kama aliyemwagiwa maji. Ilikuwa nyembamba, ya chuma, yenye kutetemeka, na ilitembea. Ilikwenda na miguu, ikafika pale, ikaruka, watu wakanasa, ikaendelea nao. Mara ya pili nzima. Mara ya tatu nzima. Hatua ya mwisho na noti ya mwisho zikatua kama mlango na fremu yake.

"Tena," alisema Vidole, na kuweka sauti ya kati. Halafu ngoma, ambayo ilikuwa ni sauti ya mvuke iliyokatwa fupi. Sauti tatu zikaanza kusuguana, na chumba kikawa kama kimepungua hewa. Mrithi alikuwa amekaa chini, kwenye zulia, na koti lake lile.

Vidole akaweka mikono magotini.

"Imebaki besi," alisema Mhariri kwa upole. "Niko tayari."

"Mimi bado. Fungua ile kadi ya majina ya mwisho wa filamu."

Mrithi aliinua kichwa. "Tumalize kwanza, mama. Jina tutalizungumza, nakuahidi. Kuna vijitabu, vimeshachapwa, kuna mambo ya..."

"Miaka thelathini na minne iliyopita, kwenye chumba kama hiki, niliambiwa tumalize kwanza. Nikaweka besi. Wakaenda." Hakupaza sauti. Aliyesimama mahali pake hana haja ya kupaza. "Jumba bila msingi mnaweza kulionyesha mkitaka. Kazi yangu naijua bei, na bei yake ni mstari mmoja."

Profesa alikohoa. "Vidole. Sisi wazee. Tuandike hivi: 'Muziki, Profesa. Kwa shukrani za pekee kwa Vidole.' Hapo kila mtu amekula."

"Amekula nani, Profesa? Mimi nimelamba sahani." Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza alimtazama kama binadamu na si kama deni la moyo. "Harusi ya mwanzo wa filamu, zile fidla, ni zako. Ni nzuri. Mpaka leo nikizisikia nasimama. Iandikwe hivyo: muziki wa harusi ni wako. Sitaki kukufuta. Nataka utoke kwenye kiti changu."

Mzee alitazama skrini, ambako picha ilikuwa imesimama kwenye mguu mmoja hewani. Alijua, siku zote alikuwa amejua. Ila ukirudia hadithi mbele ya watu wanaopiga makofi, siku moja unajikuta na wewe umo ukumbini unapiga makofi.

"Zilikuwa nzuri kweli?" aliuliza. "Zile fidla?"

"Nikuongopee ili iweje?"

Profesa alishusha macho kwenye fimbo yake. "Mwandike," alimwambia Mrithi.

"Na kijitabu chako?"

"Watu hawasomi vijitabu. Nimekaa navyo, najua."

Mrithi alimwashiria Mhariri. Kadi nyeusi ikafunguka kwenye skrini. Mhariri akaandika, *Muziki wa mazishi*, akaweka nukta mbili, kisha vidole vyake vikasimama. Akageuka, amejaa aibu.

"Niandike Vidole?"

"Vidole ni la wanaonijua. Andika la kitambulisho."

Hapo wote watatu wakatazamana. Hakuna aliyelijua. Profesa alijaribu, midomo ikasogea, haikupata kitu.

Vidole alilitaja. Aliyataja yote matatu, lake, la baba na la babu, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma namba ya spea kwa muuza duka ambaye amezoea kuleta isiyo yake. Mhariri aliandika, akakosea herufi moja, akasahihishwa, akafuta, akaandika tena.

"Ukubwa?"

"Sawa na la Profesa. Si kubwa zaidi. Mimi si mchoyo."

Mhariri alihifadhi. Mrithi, bila kuombwa, alichukua simu akampigia mchapaji, na walimsikia akisema, "Ndiyo, vichapwe upya vyote. Ndiyo, najua ni elfu mbili."

Vidole alikunjua kidole, akakigusa kitufe cha besi. Sauti iliyotoka ilikuwa juu mno, imepita ile ya kwanza kwa mbali, inalia kama mbuzi. Akazima. Akaweka kiganja juu ya ubao.

"Kinaungua. Ubishi wenu umekitia homa. Sauti hizi tatu haziwezi kukaa na hii tena."

"Kwa hiyo?" Mrithi aliuliza.

"Kinapoa nusu saa, halafu tunaanza upya. Zote nne."

"Zote?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi? Majeneza yamebebwa miaka thelathini na minne." Akamgeukia Profesa. "Nitakuwa naangalia kifundo cha joto ili kinanda kisiungue tena, siwezi kuangalia na skrini. Nahitaji mtu wa kuniashiria hatua ya kwanza inapoanguka. Mtu asiyechelewa."

Profesa alivua skafu, akaikunja, akaiweka kwenye mkono wa kiti. Ilimchukua muda kusimama. Nusu saa baadaye, picha ilipoanza kwenda na wale watu kutokea kule juu ya barabara, alikuwa amesimama karibu na skrini bila fimbo, mkono wake wa kulia umeinuka, akihesabu.